Pesa Zilipita Mlango wa Nani?

Jumapili mbili zilizopita nilimkuta dada yangu kwenye soko la Kibuye, hapa Kisumu, ameketi nyuma ya rundo lake la mashuka ya mitumba, hauzi. Soko limefurika namna Kibuye hufurika Jumapili. Wateja wanashika shuka, wanauliza bei, wanaenda zao, naye hainui kichwa. Macho yako kwenye simu. Nilipofika alinikabidhi hiyo simu bila hata salamu. "Hebu bonyeza hapo wewe, labda mimi ndiye nakosea."

Kwenye kioo kilichopasuka pembeni kulikuwa na salio: 61,400. Chini yake kitufe cha "Toa pesa", rangi yake ya kijivu. Nilibonyeza. Ukatokea ujumbe kwamba akaunti imesimamishwa hadi mteja alipe kodi ya asilimia 15, yaani shilingi 9,210, na akishalipa fedha zake zote zitamfikia ndani ya dakika 15. Hiyo ilikuwa kodi ya pili. Ya kwanza alishalipa, 6,000. Alishalipa pia "ada ya uthibitisho", 3,500.

Ilianza na mwenzake wa chama cha akiba, mama wanayeabudu naye kanisa moja, aliyemtumia kiungo kwenye WhatsApp. Kazi yenyewe ilikuwa kuzipa hoteli nyota, hoteli za miji ambayo dada hajawahi kuikanyaga. Aliweka 500, zikarudi 650 kwenye simu yake, pesa halisi, akanunua unga nazo. Akaweka 2,000, zikarudi 2,600. Hapo ndipo alipoweka 14,000 za kununulia bela ya mwezi huo, yaani robota la mitumba. Tangu hapo ni namba tu zilizokuwa zikipanda kwenye kioo. Ukijumlisha, alitoa 26,000 na kupokea 3,250. Amepoteza 22,750. Zile 61,400 hazijawahi kuwapo popote.

Shemeji aliposikia alisema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Kwenye kituo cha polisi alikokwenda kuandikisha, afisa aliyekuwa mezani alimwambia hilo hilo kwa maneno mengine: "PIN si uliiweka wewe mwenyewe?" Nakala ya nambari ya OB, kitabu cha matukio cha polisi, alipewa, ila aliondoka pale akijiona yeye ndiye mshtakiwa.

Nataka kubishana na methali hiyo, kwa sababu naona ndiyo sera yetu isiyoandikwa kuhusu utapeli wa programu za simu. Kila mara ukilalamika jibu ni elimu: msitoe PIN, msifuate viungo, tamaa mbele mauti nyuma. Hayo ni kweli na ni ya maana. Lakini yanageuza wizi kuwa kosa la tabia la aliyeibiwa, na kosa likishakuwa lake, hakuna mwingine wa kuulizwa chochote.

Tuanze na hilo la tamaa. Wanaonaswa si wajinga. Mtego huu umejengwa juu ya kitu kile kile kinachofanya chama kiendelee: kumwamini mtu unayemjua. Dada yangu asingeweka hata shilingi kwa sauti ya mgeni. Aliweka kwa sababu mwenzake alipata, akaona kwa macho, kisha naye akapata. Mwezi mmoja baadaye yeye mwenyewe alikuwa ameshawaingiza wengine watatu, na ndiyo maana hakutuambia mapema. Aliogopa kuulizwa na hao watatu. Utapeli wa namna hii humfunga mdomo aliyetapeliwa kwa kumfanya ajione mshirika.

Wala si mambo mapya. Kikosi kazi cha serikali kilichochunguza miradi ya upatu na kuwasilisha ripoti mwaka 2009 kilikuta zaidi ya Wakenya 148,000 wamepoteza shilingi bilioni 8 na ushei. Enzi hizo mradi ulihitaji ofisi, vitabu vya risiti na mtu wa kukaa dirishani. Mapema mwaka 2022 programu iliyojiita Amazon Web Worker Africa ilitoweka na pesa za Wakenya bila kuwa na dirisha popote, na kampuni ya Amazon ya Marekani haikuwa mwenyewe. Aprili 2025 jukwaa la uwekezaji la CBEX liliwafungia Wanigeria akaunti zao, kisha likawataka waliotaka kuzitoa pesa walipe kwanza dola 100 au 200 za kuthibitisha akaunti. Soma tena ujumbe wa dada yangu. Ni mtego ule ule, umebadilishwa sarafu tu.

Jioni ile nyumbani Nyalenda tulikaa na kalamu na karatasi tukapitia jumbe zake za malipo moja baada ya nyingine. Hapo ndipo nilipoanza kuona jambo hili kwa jicho jingine. Programu yenyewe ni moshi. Haikuwa hata kwenye duka la programu la Google. Ilishushwa kwa kiungo, na mwenye nayo huenda hajawahi kuiona Kenya. Lakini pesa hazikwenda kwenye moshi. Zilikwenda mahali tano, na kila ujumbe unataja mahali penyewe: laini mbili za simu zenye majina ya watu, na nambari tatu za till, yaani za biashara kupokelea malipo ya simu, moja yenye jina la duka la vifaa vya ujenzi, moja ya saluni, moja ya duka la nafaka. Tarehe, saa, dakika, nambari ya muamala. Kwenye malipo yaliyokwenda kwa laini za simu ada ilikatwa na ikakaa kwa aliyeikata.

Mwizi wa zamani alipita dirishani usiku. Huyu alipita milango mitano yenye vibao, na kila mlango ulifunguliwa na mtu aliyelipwa kuufungua.

Wengi wetu tunakumbuka foleni za mwaka 2022, Mamlaka ya Mawasiliano ilipotutaka tusajili upya laini zetu, makataa yakiwa Aprili kisha yakasogezwa hadi Oktoba. Tuliambiwa shabaha mojawapo ni kuwanyima matapeli laini zisizo na wenyewe. Tulipanga foleni, tukatoa vitambulisho, wengine tukapigwa picha. Sasa kama kila laini ina mwenyewe anayejulikana, inakuwaje tapeli bado hajulikani? Jibu liko chini ya ile miavuli ya mawakala barabarani, pale Kondele na kwingineko. Wakala analipwa kwa idadi ya laini anazosajili. Anachukua kitambulisho chako, anakuambia mtandao umekataa, weka tena, na umeondoka pale una laini moja mkononi na nyingine ambayo huijui imesajiliwa kwa jina lako. Piga *106# sasa hivi uone orodha ya laini zilizo chini ya kitambulisho chako. Jirani yangu alipiga akakuta mbili za ziada. Kuna pia njia ya pili, ya vijana wanaokodisha laini au till zao kwa siku, kwa pesa kidogo, bila kuuliza zitafanyiwa nini.

Kanuni za mfumo wa malipo za mwaka 2014 zinamfanya mtoa huduma awajibike kwa yale ambayo wakala wake anayafanya katika kazi aliyompa. Kwa hiyo wazo kwamba mwenye mlango ana deni si la kigeni kwetu. Kinachokosekana ni hatua inayofuata: mlango ukitumika kuibia mtu, mwenye mlango achangie hasara.

Uingereza wamechukua hatua hiyo. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mteja wa benki aliyedanganywa akatuma pesa mwenyewe, kwa hiari yake, PIN yake na kidole chake, anatakiwa kurudishiwa hadi pauni 85,000, kwa kawaida ndani ya siku tano za kazi. Hasara inagawanywa nusu kwa nusu: nusu inalipwa na taasisi iliyotuma, nusu na taasisi iliyopokea. Hiyo nusu ya pili ndiyo ninayoitaka mimi. Maana yake aliyemfungulia tapeli akaunti analipa kwa kumfungulia. Na ukishajua kila akaunti chafu itakutoa pesa mfukoni, hutasubiri kampeni ya elimu. Utamfuatilia wakala wako, na utashtuka mapema till ya saluni ikianza kupokea makumi ya malipo saa nane za usiku.

Najua pingamizi litakalotolewa, nalo si dogo. Watasema watu watazembea wakijua watalipwa, na wengine watabuni utapeli na binamu zao ili walipwe mara mbili. Kule Uingereza wameliona hilo: taasisi inaweza kumkata mteja hadi pauni 100 za mwanzo, na aliyezembea kupita kiasi anaweza kunyimwa, isipokuwa aliye katika hali dhaifu. Hapa kwetu tunaweza kuanza chini zaidi. Hata kanuni ya kurudisha nusu tu ya hasara, kwa kiwango cha juu cha shilingi 50,000, ingemrudishia dada yangu sehemu kubwa ya mtaji wa bela. Watasema pia ada zitapanda. Huenda zikapanda kidogo. Lakini hasara hii inalipwa hata leo. Tofauti ni kwamba anailipa peke yake yule ambaye uwezo wake ni mdogo kuliko wa wengine wote katika mnyororo.

Pale ambapo sheria imekuwa na meno tumeona mabadiliko. Kabla ya kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu wakopeshaji wa kidijitali, programu ya mkopo ilikuwa ikichota orodha yote ya watu kwenye simu yako na kuwapigia mama mkwe na mwajiri ukichelewa siku moja. Sasa mkopeshaji anatakiwa leseni, orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya Benki Kuu, na tangu mwanzoni mwa 2023 Google nao wanadai uthibitisho wa leseni kabla ya kuruhusu programu ya mkopo kwa soko la Kenya. Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 kwa kutumia majina na nambari za watu kuwatumia jumbe na simu za vitisho. Nilifurahi siku ile. Lakini adhabu na fidia ni vitu viwili. Adhabu inamuumiza mkosaji. Haimrudishii aliyeumizwa chochote mpaka yeye mwenyewe adai.

Na haki ya kudai ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kulindiwa maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa au huduma. Kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inayokataza maelezo ya uongo kwa mteja. Sheria ya Makosa ya Kompyuta ya 2018 inamweka tapeli wa kompyuta katika hatari ya faini hadi shilingi milioni 20 au kifungo hadi miaka 10, na inairuhusu mahakama iliyomtia hatiani kuamuru amlipe aliyepata hasara. Hili la mwisho walalamishi wengi hawalijui. Kesi ikifika kortini, mwambie mwendesha mashtaka aliombe, na uwe na hesabu yako mkononi.

Hesabu ndiyo ugomvi wangu wa kwanza na dada. Alitaka kudai 61,400. Nilimwambia mahakama haiwezi kumrudishia pesa ambazo hazikuwahi kuwapo. Dai lake ni kile kilichotoka mfukoni kutoa kile kilichorudi, 22,750, na ushahidi wake ni jumbe za malipo. Kwa bahati hakuwa amezifuta. Wengi hufuta kwa hasira au aibu, na programu nayo wanaing'oa kwenye simu, kumbe ndiyo ushahidi. Piga picha ya kila ukurasa kwanza: salio, mazungumzo, kile kitufe cha kijivu. Kisha ondoa, na ubadilishe PIN.

Dada alikosea kwa kusubiri wiki tatu. Saa za kwanza ndizo zenye thamani, maana pesa zikiwa bado kwenye laini ya aliyepokea zinaweza kuzuiwa, na matapeli wanalijua hilo, wanazitoa mbiombio. Kwa wateja wa Safaricom, ujumbe wa muamala unatumwa kwa 456 kuomba urejeshwe, na nambari au ujumbe wa tapeli unaripotiwa kwa 333 bila malipo. Ripoti ya polisi ifuate siku hiyo hiyo, kwa sababu mpelelezi anahitaji faili ili aombe amri ya mahakama ya kufunguliwa taarifa za mwenye laini. Usikubali kurudishwa nyumbani bila nambari ya OB, hata ukisomewa methali.

Aliyekuta laini asizozijua chini ya jina lake ana mlango mwingine, wa Kamishna wa Data, ambaye ana afisi Kisumu na Nakuru. Jina na kitambulisho chako ni data yako, na aliyekitumia bila ridhaa amekukosea hata kama hujapoteza senti. Malalamiko yanatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 90, na afisi hiyo imeshaamuru kampuni kadhaa zilipe watu fidia.

Lakini kwa kiasi kama cha dada yangu, njia ninayoiamini zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, yanayotakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu kuwasilishwa, na unaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili, kwa Kiswahili. Haifungwi na kanuni ngumu za ushahidi. Na kati ya madai yanayoingia pale ni pesa ambazo mtu amezipokea zisizo zake. Hiyo inamaanisha huna haja ya kumpata mwenye programu aliyejificha ng'ambo. Unamshtaki aliyepokea: yule ambaye jina lake liko kwenye ujumbe.

Basi tukaanza kuwatafuta waliopokea. Laini mbili zimezimwa. Duka la vifaa vya ujenzi hatukulipata, wala la nafaka. Saluni tuliipata. Ina ukurasa wake mtandaoni, picha za misuko, na maelekezo ya jengo moja karibu na Kenyatta Avenue, Nakuru. Zile 14,000 ziliingia kwenye till yake.

Binamu yetu anayeishi Section 58, huko huko Nakuru, alienda Jumatano. Alimkuta mwenye saluni akimsuka mtoto wa shule. Ni msichana wa miaka ishirini na kitu, ana viti viwili na kikaushio kimoja. Hakukana. Alieleza kwamba kuna kijana aliyekuwa akija kunyolewa, akamwambia till yake imeleta shida, akaomba atumie ya saluni kwa muda kupokelea pesa za wateja wake. Kila malipo yakiingia anamtumia, yeye anabaki na 200. Ilidumu kama wiki mbili. Kijana hajaonekana tena na simu yake haipatikani. Alilia, binamu anasema, akauliza kama anaweza kulipa elfu moja kila mwezi.

Ndani ya hizo 14,000 yeye alipata mia mbili.

Sijui niliandikeje hili bila kukasirika. Sheria kama ilivyo sasa inamruhusu dada yangu kumdai huyu msichana, na nadhani atashinda, kwa sababu pesa zilipita kwake na alichukua ujira. Lakini tazama nani wamebaki chumbani: muuza mashuka wa Kibuye na msusi wa Nakuru, wakivutana juu ya mtaji wa mwezi mmoja. Tapeli hayupo. Na waliojenga barabara ambayo pesa zilipita, waliosajili laini zile mbili zilizozimwa, waliompa kila mmoja nambari na kuona malipo yakiingia na kutoka dakika hiyo hiyo kwa wiki mbili nzima, hao hawakuitwa kabisa. Mpaka Bunge au Benki Kuu iwaingize kwenye hesabu, fidia tunayoizungumzia nchini humu itakuwa maskini akimlipa maskini kwa awamu.

Alhamisi nilimsindikiza dada kuchukua fomu. Tulikaa kwenye benchi nje ya mahakama hapa Kisumu, karatasi zikiwa magotini, nakala 23 za picha za simu zimebanwa kwa pini. Alijaza jina lake, kiasi anachodai, tarehe. Alipofika kwenye nafasi ya jina la mdaiwa alisimama. Aliniuliza yule msichana ana watoto wangapi. Sikujua. Kisha akauliza kama inaruhusiwa kuandika majina mawili, la mwenye saluni na la kampuni iliyompa ile till.

Nikamwambia aandike yote mawili, aanze na la kampuni.